Bahari Haichagui Upande

"Shoga, mbona umelowa upande mmoja, na majini bado hatujaingia?"

Biubwa aliuliza bila nia mbaya. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yametoka mbali, na wanawake wa Mlingotini walikuwa wanafunga nguo zao vizuri tayari kushuka kwenye mashamba ya mwani. Shufaa alijitazama kifuani. Kwenye gauni, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya maji, ndogo, ya manjano pembeni. Akaivuta kanga akaifunika.

"Jasho," alisema.

"Jasho la ziwa moja?" Biubwa akapiga makofi. "Na hilo la pili limekaa tu, halifanyi kazi?"

Wenzake wakacheka. Shufaa naye akacheka, maana pwani ukitaniwa usipocheka utaulizwa mara ya pili. Wakashuka majini.

Kila mtu Mlingotini alijua kwamba mwani unawasha. Chumvi na jua na nguo mbichi za kutwa nzima huwatoa wanawake vipele mapajani na chini ya maziwa, na dawa yake ilijulikana pia: kwa Hamidu. Hamidu alikuwa na duka la dawa jirani na msikiti. Alikuwa mdogo wake Rajabu, mume wa Shufaa, na nusu ya wanawake wa kikundi cha mwani walishapakwa mafuta yake wakapona. Aliposikia shemeji yake ana kidonda cha ziwa, alitoa sababu papo hapo: taitai. Hivyo ni vikamba vidogo vya kufungia mbegu ya mwani kwenye kamba kubwa, na kila mkulima huvichomeka kifuani ili mikono ibaki huru. Vimelowa chumvi, vinasugua ngozi, ngozi inachubuka. Maneno yaliingia akilini. Shufaa mwenyewe aliyakubali kwa miezi minane.

Lakini siku ile, kwa sababu ya utani wa Biubwa, aliitazama mikono yake wakati inafanya kazi. Mkono wa kulia ulishika mbegu. Wa kushoto ukapanda kifuani, ukachomoa taitai, ukarudi. Ukapanda tena, ukachomoa, ukarudi. Shufaa akasimama wima katikati ya maji ya mapajani.

Taitai zilikuwa kulia. Siku zote alizitia kulia. Kidonda kilikuwa kushoto.

Na maji ya chumvi yamemlowesha kifua kizima miaka tisa sasa, ziwa hili na lile. Bahari haichagui upande.

"Vipi, umekanyaga pweza?" Biubwa alimwita.

"Hapana," Shufaa akasema. "Nafikiri tu."

"Basi fikiri huku unafunga, mwenzangu, maji hayakusubiri."

*

Adhuhuri Rajabu alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kuziba pancha, mkononi ana kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Hamidu kakuletea nyingine. Nimemwambia bado panawasha, akasema hii ni kali kuliko ile."

Shufaa alilifungua gazeti, ndani mna tyubu ya dawa ya kupaka. Alikuwa anazihifadhi zile za zamani, zote, kwenye bati la biskuti. Hakujua kwa nini, ila si mtu wa kutupa vitu kabla hajavielewa.

"Baba Adila, taitai naziweka upande wa kulia."

"Eh?"

"Na kidonda kiko kushoto. Hakijawahi kuhamia kulia hata siku moja. Kikipakwa kinakauka wiki mbili, kinarudi. Na chuchu yenyewe inaanza kuzama ndani."

Rajabu aliangalia pembeni. Alikuwa mume wake kwa miaka ishirini na sita, lakini ndivyo walivyolelewa: mambo hayo huambiwa, hayaonyeshwi. "Sasa unasemaje?"

"Nataka kwenda hospitali Bagamoyo."

"Hospitali!" Alikaa juu ya kigoda. "Hebu mfikirie Hamidu. Kesho mji mzima watasema, hata mke wa kaka yake haiamini dawa yake. Atamuuzia nani?"

"Nimemfikiria. Nimemfikiria miezi minane."

Rajabu aliliokota lile gazeti, akalikunja.

"Nakuomba ruhusa," Shufaa alisema. "Nauli ninayo, ya mwani wangu. Sitaki kwenda kwa kujificha. Tangu uniingize mlango huu sijautoka kwa kujificha."

"Nenda," akasema mwishowe. "Ila mama asijue."

"Sitamtangazia. Lakini akiniuliza nitamwambia."

Na Bi Tatu aliuliza. Mama yake Rajabu alikuwa na chumba chake ng'ambo ya ua, na dirisha lake lilikuwa halipitwi na kitu. Asubuhi iliyofuata alimwona mkwewe amevaa buibui la Iddi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Harusi ya nani hiyo?"

"Nakwenda hospitali, mama. Ziwa."

"Ziwa si mwani?"

"Ndilo ninalokwenda kuuliza."

Bi Tatu alikuwa mkunga. Kabla zahanati haijajengwa, watoto wa Mlingotini wote walipita mikononi mwake, na mpaka leo vijana wenye ndevu walimwamkia wakiwa wameinamisha vichwa. Alimtazama Shufaa kuanzia ushungi mpaka kandambili.

"Nimezalisha mji huu miaka arobaini," alisema. "Hakuna mwanamke wa nyumba yangu aliyewahi kumvulia mgeni nguo."

Maneno yale yalimuuma Shufaa kuliko kidonda. Lakini hakuyarudisha. Alisema, "Niombee dua, mama," akatoka.

*

Pale hospitali, aliyeandika faili alikuwa kijana mwenye saa kubwa. Nyuma ya Shufaa palikuwa na watu thelathini wamekaa kwenye mabenchi, kimya, kama watu wanaosubiri hotuba.

"Tatizo?"

"Nitamwambia daktari, mwanangu."

"Mama, bila tatizo faili halifunguki. Sema."

Shufaa alisema chini chini.

"Sisikii, mama! Paza sauti!"

Biubwa, aliyemsindikiza, alianza kufungua mdomo, Shufaa akamshika mkono. Alijinyoosha. "Andika: ziwa la kushoto."

"Ziwa." Kijana akaandika. Halafu akaleta utani, labda kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. "Unanyonyesha, mama?"

"Nimemaliza kunyonyesha wewe hujaota meno. Andika, baba, watu wanasubiri."

Mabenchi yalicheka, safari hii si Shufaa aliyechekwa. Kijana akainamisha kichwa, akaandika kwa haraka.

Daktari alikuwa msichana mwembamba, amejitanda ushungi wa kijivu. Alijitaja kuwa Daktari Mina, akaamkia kwanza, akafunga mlango, akavuta na pazia. Shufaa alifungua kifungo kimoja, akasita, akafungua cha pili. Daktari hakumharakisha. Aliwasha taa ya kichwani, akaangalia kwa muda mrefu. Hakukunja uso wala hakusema "maskini."

"Na hili la kulia, mama, halijawahi kuwa na kitu?"

"Halijawahi. Na taitai za mwani nazitia huku huku kulia."

"Umetumia dawa gani?"

Shufaa akaufungua mkoba, akapanga juu ya meza dawa zote za bati la biskuti, kila moja imebanwa mpaka mkia. Daktari alizisoma moja moja. "Zilisaidia?"

"Zote. Kila moja wiki mbili."

"Na nani aliyepaangalia kabla yangu?"

Lilikuwa swali jepesi. Shufaa alitaka kujibu, akajikuta anatafuta jina. Alitafuta kwa mume, kwa shemeji, kwa mkwe, kwa Biubwa aliye nje ya mlango. "Hakuna," alisema, na neno hilo ndilo lililomtia hofu kwa mara ya kwanza.

Daktari Mina aliketi, magoti yake karibu na ya Shufaa. "Mama, sitakutisha na sitakuficha. Ukurutu wa kawaida mara nyingi hushika matiti yote mawili, tena huanzia pembeni. Huu umeanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, na haukubali kuondoka. Kuna saratani moja ya nadra sana inayojifanya ukurutu. Inaitwa ugonjwa wa Paget. Sisi wengi tunaisoma vitabuni tu, na mimi sijawahi kuiona kwa macho. Huenda siyo. Lakini ili tujue lazima nikate kipande kidogo, kama punje ya mchele, kikapimwe Dar."

"Kata."

"Hutaki kwanza kuuliza nyumbani?"

"Nyumbani nimeshaaga," Shufaa alisema. "Kata, mwanangu. Nisije nikarudi na dawa nyingine."

Akapigwa sindano ya ganzi, akageuza uso ukutani, akasoma Ayatul Kursiyyu polepole, kila neno kwa haki yake. Alipofika mwisho, daktari naye alikuwa anashona.

*

Siku kumi na tisa zilipita. Shufaa hakushuka majini kwa sababu ya ule mshono, alikaa nyumbani akianika mwani wa wenzake kwenye chanja. Hamidu alipita mara mbili mbele ya ua bila kuingia. Mwanamke mmoja waliyekutana dukani kununua sukari alimwuliza kama ni kweli ameacha dawa za shemeji yake kwa maringo. "Nimeziacha," Shufaa alijibu, "maringo bado nayatafuta."

Simu ya daktari ilipokuja, Rajabu alikifunga kibanda. Ilikuwa Jumanne, na hakuna mtu aliyekumbuka kuona kibanda kile kimefungwa Jumanne. Walikwenda pamoja.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Daktari Mina alieleza mara mbili, kwanza kwa Shufaa, kisha kwa Rajabu. Palipopapaswa hapakuwa na uvimbe, na kwapani hapakuwa na kitu. Kulikuwa na picha za kupiga Dar, na kwa anavyojua yeye ushauri utakuwa kuliondoa titi, mapema, kabla ugonjwa haujashuka ndani. Jumatatu ijayo Shufaa apokelewe huko. "Mmewahi," alisema. "Miezi mingine michache, nisingelisema neno hili."

"Wewe ndiye uliyeugundua," Rajabu alisema.

"Hapana, baba. Mama ndiye aliyeugundua. Alikuja hapa akaniambia taitai ziko kulia na kidonda kiko kushoto. Mimi nimeupa jina tu."

Shufaa alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mkobani. Hakulia. Aliondoka pale amenyooka kama mtu aliyepewa cheti, na kwa kweli ndivyo alivyohisi, ingawa alijua ni cheti cha jambo gani.

Waliposhuka njia panda ya Mlingotini, Rajabu alisimama.

"Miezi minane," alisema, "nachukua maneno kwako nampelekea Hamidu, nachukua dawa kwa Hamidu nakuletea wewe. Tarishi. Sikufungua hata barua moja."

"Ulibeba kwa wema."

"Nilibeba kwa haya," Rajabu akasema.

*

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya sala. Aliyekiita ni Bi Tatu, kwa sababu jambo la kukatwa mtu wa nyumba yake hakutaka kulisikia barazani. Walikaa mkekani chumba cha mbele: yeye, wanawe wawili, na Shufaa karibu na mlango. Hamidu alikuja na kanzu yake ya msikitini na dawa nyingine mkononi, hii ndani ya boksi jipya. Macho yake yaliangukia begi jeusi lililokuwa limesimama ukutani.

"Naona kikao kimeitwa na begi limeshafungwa."

"Kikao ni chenu, shemeji," Shufaa alisema. "Begi ni langu."

"Astaghfirullah. Kaka, unamsikia?"

"Namsikia," Rajabu alisema.

Hamidu alimgeukia mama yake, akaanza kueleza kwa upole, kama anavyoeleza wateja. Daktari mwenyewe kakiri kwamba ugonjwa huo ni nadra. Kakiri kwamba hajawahi kuuona. Sasa katika mji mzima, wanawake mia na kitu wanafunga mwani, wote wanawashwa, iweje mmoja tu apate ugonjwa wa vitabuni? Madaktari wapya wanatafuta wa kujifunzia. Hii dawa imetoka juzi, ni kali, wampe wiki mbili tu.

"Nadra si sawa na hakuna," Shufaa alisema. "Lazima impate mtu."

"Na kaka, mkeo akikatwa ziwa, watu watasema nini?"

"Watasema yuko hai," Rajabu akajibu.

Bi Tatu alipiga ulimi. "Nyamazeni. Mimi nimekamua majipu ya maziwa tangu nyinyi hamjazaliwa. Nimeona ziwa limevimba kama boga, limepasuka, limepona, na mwenyewe kanyonyesha. Hakuna hata mmoja aliyekatwa. Leo huyu hana jipu, hana uvimbe, ana kipele, ndio akakatwe?"

Kutoka msikitini walisikika watu wakiagana. Shufaa aliona kwamba Rajabu anamwangalia, anasubiri aseme, na kwamba yeye mwenyewe asiposema sasa, wiki mbili za Hamidu zitapita, na nyingine mbili baada ya hizo.

"Shemeji," alisema, "nakuuliza kwa heshima. Wewe ulipata kuliona?"

"Kuliona nini?"

"Ziwa unalolitibu."

Hamidu aliinuka nusu. "Mke wa kaka yangu! Mimi?"

"Kaa, shemeji. Sikulaumu. Ungeomba kuliona ningekufukuza kwa ufagio, na mji ungenisifu. Ulinistiri, Mungu akulipe. Lakini dawa yako ilikuwa ya kusikia. Ulimsikia kaka yako. Kaka yako alinisikia mimi. Na mimi nilimwambia 'panawasha,' kwa sababu hilo ndilo neno ambalo lingeweza kupita mdomoni."

"Kaka ndiye aliyenieleza—"

"Mimi nilieleza," Rajabu alisema. "Sikuangalia."

Shufaa akamgeukia Bi Tatu. Hapo sauti yake ilipungua, maana kwa mkwe hata ujasiri una adabu yake. "Na wewe, mama. Mikono yako inajua zaidi yetu sote. Hujaniangalia."

"Hukunionyesha."

"Sikukuonyesha. Kosa hilo ni langu, nililiona la heshima. Twende chumbani, mama. Uangalie. Ukitoka ukasema ni kipele, begi nitalifungua mwenyewe."

Rajabu alishtuka. Hamidu akashusha pumzi na kukaa vizuri, kwa sababu alimjua mama yake.

*

Chumbani Bi Tatu alifungua madirisha yote mawili. Alivaa miwani. Shufaa alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua vifungo, safari hii bila kusita.

Yule mkongwe aliangalia kwanza, mbali kidogo, kama alivyokuwa akimwangalia mwanamke wa uchungu anapoingia. Kisha akaiweka mikono yake, mikavu, yenye joto, akapapasa ziwa la kulia lote, mpaka kwapani. Akahamia la kushoto. Alikwenda polepole, alirudi, alikwenda tena. Alipofika kwenye chuchu alisimama. Haikuwa mahali pake. Ngozi ilikuwa nyekundu, mbichi, ina magamba pembeni, na katikati palikuwa pamenyauka na kuingia ndani kama kitovu.

Miaka arobaini, na mikono ile haikuwahi kukutana na kitu hiki. Bi Tatu hakuwa mtu wa kujifanya anakijua asichokijua. Alikaa kitandani kando ya mkwewe.

"Unaumia?"

"Pananichoma kidogo tu."

"Kingekuwa jipu, ungelia," Bi Tatu alisema. "Usiku uleule ungenigongea." Akatazama dirishani. "Miezi minane, na dirisha langu linatazama mlango wako."

"Nilikuwa najifunika, mama."

Bi Tatu alivua miwani. Alianza kumfunga Shufaa vifungo, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kama anavyovalishwa mtoto anayekwenda chuo cha Kurani. Cha mwisho kilimsumbua, hakukubali kusaidiwa.

"Gari saa ngapi?"

"La saa kumi. Nikalale kwa Adila, Dar, mpaka Jumatatu."

"Huyo mtoto anapika?"

"Anajitahidi."

"Hapiki," Bi Tatu akasema, akainuka.

Walipotoka, Hamidu alikuwa ameliweka lile boksi la dawa mbele yake mkekani. Rajabu alikuwa amesimama. Bi Tatu alikwenda moja kwa moja kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua buibui lake la kutokea, akalivaa, akafunga ushungi.

"Mama," Hamidu alisema, "hebu mwambie basi ajaribu hii. Wiki mbili tu, mama. Ikishindikana, mimi mwenyewe nitawasindikiza."

Bi Tatu aliinama akalinyanyua begi jeusi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Rajabu alinyoosha mkono kumpokea, mama akampita. Alitia miguu katika kandambili zilizokuwa karibu na mlango, zile za Shufaa, kubwa kidogo kwake, akatoka na begi kuelekea barabarani lipitapo gari.